Usiku wa Mibuyu kwa Sindano: Rangi Ipi, Mshono Upi

Picha ni hii: mbuyu mmoja mkubwa, nyuma yake mlima wa mawe, upande wa magharibi mwezi, na juu ya matawi unapita ungo. Ndani ya ungo amekaa msichana, kashika taa ya chemli. Niliichora kwa penseli mwaka jana nyumbani Ipagala, hapa Dodoma, na tangu hapo imedariziwa mara tatu kwenye vitambaa vitatu: mara moja na mtoto wa dada yangu aliyekuja likizo, mara mbili na mimi. Nyuzi tulibadilisha, mishono tukabadilisha, mchoro ukabaki uleule. Kwa hiyo naweza kukuwekea kazi hizi pamoja na kukuambia kipi kilikubali, kipi kilikataa.

Habari za ungo kila mtu huku alizisikia utotoni: wapo wanaosafiri nao usiku, na kukipambazuka wamesharudi. Wengine walitishwa nazo ili walale mapema. Mimi nilikuwa nikilala nikitamani kuupanda niione mibuyu kutoka juu. Sasa nimempandisha msichana mwingine, kwa sindano.

Jambo moja niliseme mapema, maana nitalipimia kila kitu hapa chini. Picha ya ndoto inashikiliwa na vile vitu vyake vya kawaida. Ungo ukipaa mtazamaji atakubali, hata hatauliza. Lakini mwezi ukikaa asivyouzoea, au giza likiwa na rangi ambayo hajawahi kuiona akitoka nje usiku, hapo ndipo ungo nao unaanguka.

Kitambaa kwanza

Cha kwanza kilikuwa kaniki. Mwanangu ndiye aliyekichagua, na hoja yake ilikuwa na akili: "Mama mdogo, hii tayari ni nyeusi. Giza tumelipata bure." Cha pili marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Cha tatu ni kipande cha sare ya shule, nevi bluu, kilichobaki kwa fundi cherehani baada ya kukata sketi za Januari.

Kaniki inakupa giza bure, kweli, ila inakudai sehemu nyingine. Mchoro hauonekani. Karatasi ya kaboni nyeusi haina kazi pale. Tulichorea kipande cha sabuni kilichokauka na kuchongwa ncha, kama mafundi wanavyofanya kwenye suti nyeusi, na kila ulipokunja kitambaa mstari ulififia ukarudiwa. Matundu ya sindano nayo huyaoni. Dawa yake ni kutandaza kitambaa cheupe mapajani: mwanga unapenya kutoka chini na nyuzi za kaniki zinaanza kuhesabika. Halafu kuna kuchuja. Kabla hujaanza, lowesha pembe ya kaniki, ibane kati ya vitambaa vyeupe viwili, pitisha pasi ya moto. Yetu iliacha alama ya bluu-nyeusi, tukailoweka na kuisuuza hadi maji yakatoka meupe. Ungeanza kudarizi bila kufanya hivyo, mwezi wako ungepata uchafu siku ya kwanza ya kuufua.

Marekani ni kinyume chake. Mchoro unakaa wazi kabisa, macho hayaumi, kila rangi unaiona ilivyo. Ila anga lote unalishona wewe. Kazi yangu ilikuwa na upana wa sentimita 25 na urefu wa 30, na anga peke yake lilikula jioni zaidi ya mwezi mzima. Vitita vya bluu viliisha nikiwa katikati. Jambo lingine: ukiruka na uzi wa giza kwa nyuma kutoka nyota hii hadi ile, unaonekana upande wa mbele kama mshipa chini ya ngozi. Inabidi ukate na kuanza upya kila mahali. Faida ya marekani ni moja, tena kubwa: unaweza kulifanya anga libadilike kutoka juu kwenda chini, na hilo kaniki haiwezi.

Sare ya shule ndiyo iliyoshinda. Ni bluu tayari, kwa hiyo mtu wa kwetu akiitazama anaona usiku, haichuji ovyo, imekaza kiasi cha kutojikunja ndani ya fremu, na uzi mweusi juu yake bado unaonekana kuwa mweusi. Kama unaanza, anza nayo, na uliache anga kama lilivyo. Mafundi wengi watakupa kipande ukiomba vizuri.

Nyeusi, bluu, au zambarau

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea. Tunasema usiku ni mweusi, basi tunanunua nyeusi.

Kwenye namba za DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746 na ambayo namba zake zinafuatwa hata na nyuzi nyingi za bei nafuu, nyeusi ni 310. Bluu iliyo karibu kabisa na nyeusi ni 939. Inafuata 823, halafu 336, ambayo ni nevi bluu ya wazi. Zambarau iliyokolea ni 550. Kahawia iliyokaribia nyeusi, rangi ya kahawa chungu iliyotulia kwenye kikombe, ni 3371. Usiziamini namba peke yake kwenye nyuzi za kuigiza, zinateleza kidogo. Nenda na kipande chako dukani, kiweke na uzi mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Chini ya balbu ya njano 939 na 310 ni mapacha. Ukifika nje zinaachana.

Kwenye marekani nilijaribu kona mbili. Kona moja nilishona anga kwa 310, pembeni yake mlima kwa 336. Kona ya pili anga kwa 939, mlima kwa 310. Kona ya kwanza ilinisikitisha: ile nyeusi ilionekana imechakaa, ina ukahawia fulani, kama fulana iliyofuliwa miaka miwili. Uzi ulikuwa mpya, nimeufungua siku hiyohiyo. Tatizo hili lina historia. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika karakana ya Gobelins jijini Paris, wanakofuma mazulia ya kutundika ukutani. Yaliletwa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za pale hazikolei zikitumika kwenye vivuli vya nguo za bluu na zambarau. Akazipima na nyeusi za karakana nyingine, akakuta hazina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa jirani: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma mwenzake upande ulio kinyume nayo. Bluu inaitia nyeusi kijiwingu cha chungwa, na nyeusi inaonekana imepauka. Alichapisha uchunguzi wake mwaka 1839, na hadi leo ukinunua kitita cha 310 ukakilaza kando ya bluu utayaona aliyoyaona.

Kwa hiyo nyeusi nimeipa kazi ndogo: tundu la mbuyu, kivuli chini ya ungo, kope za msichana. Anga ni bluu. Zambarau ya 550 naipenda kwa uchache, mistari michache kati ya 939 na 336, hasa pale juu ya mlima. Ikiwa nyingi, picha inahama Dodoma na kwenda kwenye kadi za sikukuu.

Na kumbuka anga halina rangi moja. Toka nje saa moja na nusu usiku mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limetanda. Chini kabisa upande wa magharibi kuna ukanda wa rangi ya kutu, juu yake kijivu chenye kijani kidogo, kisha bluu, na utosini bluu iliyokolea kabisa. Upeo una mwanga kuliko utosi. Kwenye marekani nilipanga hivi kutoka juu: 939, 823, 336, kisha 930 na 931, zile bluu zenye ukijivu, na mstari mmoja mwembamba wa shaba, 921, nyuma ya mlima. Mstari ule mmoja ulifanya kazi kuliko vitita vyote vilivyoutangulia. Jirani yangu alipoiona tu akasema, "Hii ni kiangazi."

Mbalamwezi au taa

Uamuzi huu ndio unaobeba yote, na laiti ningeufanya kabla ya kununua hata uzi mmoja. Mwanga wa picha yako unatoka wapi?

Chukua usiku wa mbalamwezi. Mwezi mpevu unapiga kila kitu, mawe yanakuwa ya fedha, kivuli cha mbuyu kinakatika kama kimechorwa. Ila nyota zinapungua, na ule mkanda mweupe wa nyota unaopita katikati ya anga unafutika. Rangi nazo hubadilika. Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, alieleza mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mwanga ukipungua, jicho huipoteza nyekundu mapema huku bluu ikibaki. Si lazima umwamini yeye. Umeme ulikatika mwezi ukiwa mpevu, nikatoka uani nikakuta kanga mbili kwenye kamba, moja nyekundu, moja ya bluu, ambazo mchana nyekundu ndiyo inayopiga kelele. Usiku ule nyekundu ilikuwa shimo jeusi, na ile ya bluu ilikuwa inaonekana hadi ua lake la pembeni.

Sasa chukua usiku wa mwezi mchanga. Hilali haina nguvu ya kuangaza kitu. Ipo kwa uzuri wake. Nyota zinajaa. Kinachoangaza ni chemli ya msichana, na mwanga wa moto unarudisha nyekundu, njano na dhahabu, lakini kwa umbali wa mkono tu. Nje ya hapo giza linafunga.

Kwenye kaniki mwanangu alichanganya vyote. Mwezi mpevu, nyota mia, gauni la msichana kwa nyekundu kali ya 666, na mawe ya fedha. Kila kipande alikishona vizuri kuliko mimi. Lakini ukikaa mbali na kazi ile jicho halijui litue wapi, na lile gauni linaonekana limebandikwa baadaye. Nilimwambia, "Mwanangu, gauni lako liko mchana." Akalifumua mwenyewe, akalirudia kwa damu ya mzee, 815, na mstari mmoja wa 321 upande ulioangalia taa. Picha ikatulia pale pale.

Mchanganuo wa rangi, basi. Ukichagua mbalamwezi, nunua 3753, 932, 931 na 930, ambazo ni ngazi moja ya bluu zenye ukijivu kutoka nyepesi kabisa hadi iliyokolea, ongeza kijivu cha 415 na 318 kwa mawe, na nyekundu zote zishushe hadi damu ya mzee. Ukichagua taa, anza na 745, njano ya siagi, kwenye kioo cha chemli. Kisha 742 pembeni yake. 783, ile dhahabu ya asali, kwenye mkono na shavu. 921 kwenye ukingo wa ungo. Baada ya hapo rukia moja kwa moja kwenye 3371. Hatua zisiwe nyingi. Mwanga wa chemli huisha ghafla, na ukiulainisha sana unageuka kuwa machweo.

Mimi nachagua taa. Ni chaguo la gharama nafuu pia: nyuzi tano za joto, zilizobaki zote ni giza ambalo kitambaa kinakupa.

Mwezi ulale, na nyota zijue msimu

Michoro mingi inayoletwa kutoka Ulaya ina hilali iliyosimama wima, pembe zikielekea upande. Huko ndivyo wanavyouona. Sisi tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwezi wetu mchanga hulala kama mtumbwi, pembe juu, wakati mwingine umeinama kidogo. Mtoto wa hapa anajua hilo bila kufundishwa. Kwenye marekani hilali ya kwanza ilisimama wima kwa sababu tuliinakili, na mama yangu aliyekuja kututembelea aliitazama muda mrefu akauliza, "Huu ni mwezi wa wapi?" Tukaulaza.

Rangi ya mwezi: nyeupe kali ya B5200 inafanana na taa ya umeme ya dukani. Nyeupe ya maziwa, 712 au 746, ndiyo inayokaa. Kwa mwezi unaozama kwenye vumbi weka 745 na uipunguze makali kwa uzi mwembamba mmoja wa 921 uliochanganywa kwenye tundu la sindano hiyohiyo. Na ukitazama hilali vizuri utaona ile sehemu ya giza ya duara nayo inaonekana kwa mbali, kwa mwanga unaorudi kutoka duniani. Mzunguko mmoja wa mshono wa nyuma, ule ambao sindano inarudi nyuma kila hatua, kwa 930, uzi mwembamba mmoja, unatosha kuionyesha. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kazi yangu ya tatu. Mtu haioni mpaka asogee karibu.

Nyota zina msimu. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kwetu, Novemba jua likishatua Kilimia, kile kishada cha nyota zilizobanana, kinachomoza mashariki, watu wakisubiri mvua ya Desemba. Mibuyu nayo majira hayo inachanua: maua makubwa meupe yananing'inia, yanafunguka jioni, popo wanakuja usiku, kesho yake yameanza kunyauka. Ukishona usiku huo, weka vifundo sita vilivyobanana (kifundo ni uzi uliozungushwa kwenye sindano kabla ya kuizamisha) kwa ajili ya Kilimia, na maua kwa 712 yenye kijani kidogo kwenye kikonyo. Ukishona Julai, mbuyu ni mtupu, matawi kama mizizi iliyogeuzwa, Kilimia hakipo jioni. Kilichopo juu ya kichwa, kidogo kusini, ni Nge, kundi la nyota lililojikunja kama nge, na moyoni mwake nyota ya Antares yenye wekundu wa kaa la moto, ambayo unaipa kifundo kimoja cha 921.

Kati ya hizo mbili, Julai ni rahisi kwa sindano, kwani majani ni kazi ndefu. Novemba ni tamu zaidi. Kuchanganya maua ya Novemba na Nge wa Julai sikushauri, ingawa ni ndoto. Atakayekukamata ni mkulima.

Mishono

Anga kwanza. Kama umekaidi na kuchukua marekani, una njia mbili. Mshono mrefu kwa mfupi unakupa rangi zinazoingiana bila mpaka, ila unataka mkono uliotulia na uzi mwembamba mmoja au miwili. Bandi, mistari ya kawaida ya sindano ndani sindano nje, iliyopangwa karibu karibu na kufuata upepo, ni nyepesi na inaacha kitambaa kipumue. Mistari hiyo ikipinda kuuzunguka mbuyu, anga linaanza kuvuma. Nilianza na mrefu kwa mfupi nikamalizia na bandi, na ile ya bandi ndiyo inayoguswa na wageni.

Mwezi mpevu usiujaze kwa mshono laini wa kulaza nyuzi sambamba kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipita sentimita moja uzi unalegea, unanasa kwenye kucha na kwenye kifungo. Anza ukingoni na mshono wa mnyororo, zunguka kuingia ndani hadi katikati. Viduara vile vinashika mwanga kila upande. Hilali ni nyembamba, hiyo ijaze kwa mshono laini uliokatisha upana wake, na kwa kuwa inajipinda, kila mshono unageuka kidogo, na mng'ao unatembea kutoka pembe hadi pembe. Geuza fremu dirishani utaona. Hakuna rangi ya dukani inayofanya hivyo.

Mbuyu unataka muda. Gome lake ni la kijivu lenye wekundu wa mbali, limenenepa na kujikunja kama ngozi ya tembo kwenye goti. Mistari ya mshono wa shina iliyosimama, ya 3371 na kijivu kizito cha 3799, ikipishana bila mpango, inaleta ile mikunjo. Mnyororo ni wa haraka lakini unaonekana kama sweta. Upande wa taa ongeza mistari miwili ya 921 tu, ukianzia chini ya tawi, maana mwanga unatoka juu, kwenye ungo. Hili nililisahau kwenye marekani, nikaangaza miguu ya mbuyu, ikabidi nifumue siku mbili.

Ungo umesukwa, nao mshono wake usukwe. Laza nyuzi sambamba za rangi ya ugoro, kisha kwa sindano butu pita juu, chini, juu, chini, bila kugusa kitambaa. Ukimaliza una kijiungo halisi cha ukubwa wa ganda la karanga mbili, kimeinuka, na kidole kinakitambua hata gizani. Ukingo wake uzungushe kwa mshono wa shina.

Mawe: mbegu, yaani mishono mifupi iliyotawanywa kila upande, mingi upande wa kivuli, michache upande wa mwanga. Nyota: vifundo. Uzi mwembamba mmoja na mzunguko mmoja kwa nyota za mbali, nyuzi mbili na mizunguko miwili kwa za karibu. Sita ninazotaka mtu azione, si sitini. Ule mkanda mweupe wa nyota usiushone kwa vifundo, utapata upele. Ushone kwa mbegu za uzi mmoja wa 931, na uache mapengo ya giza katikati yake kama yalivyo kweli.

Pamba, sufu, na zinazong'aa

Pamba ya kudarizi ndiyo msingi: kitita cha mita 8, uzi wenye nyuzi nyembamba sita zinazotenganishwa. Uzi wa cherehani unajaribu kwa sababu upo kila kona na una kila rangi, lakini ni mwembamba na ule wa poliesta unang'aa mchana kutwa. Kwa giza haufai, kwa uzi mmoja wa utando wa buibui au nywele unafaa. Sufu ya sweta inafanya kitu ambacho pamba haiwezi: inameza mwanga. Mlima niliouweka sufu ya kijivu kizito unakaa mbali zaidi kuliko ule wa pamba, ingawa namba za rangi zinakaribiana.

Uzi wa dhahabu na fedha ukatwe mfupi, urefu wa kiganja na nusu, uwekwe kwenye sindano yenye tundu kubwa, la sivyo unachanika. Bora zaidi usiupitishe kwenye kitambaa kabisa: ulaze juu, uushikize kwa mishono midogo ya uzi wa kawaida. Mahali pamoja unatosha, kwenye shingo ya chemli. DMC wana hata uzi unaowaka gizani, E940. Watoto wanaupenda, ila ni mgumu mkononi, na taa ikiwaka tena ni uzi uliopauka tu. Nyota nilizozitaka zing'ae nilizipa shanga nyeupe ndogo, kama zile za mavazi ya ngoma za Wagogo. Shanga haiombi mwanga ihifadhi kwanza. Mshumaa ukipita inajibu.

Nyekundu ipimwe kabla, hata kama muuzaji anaapa. Nilinunua kitita cha nyekundu cha bei ya chini, nikashona kilemba cha msichana kwenye marekani, nikafua kwa maji ya baridi. Kulipokauka hilali ilikuwa ya waridi. Nililoweka, nikasuuza, nikaiweka juani, ikabaki ya waridi. Sasa kila uzi mwekundu naukata kipande cha kidole, naulowesha kwa maji ya moto na kuubana kwenye kitambaa cheupe kabla haujaiona sindano. Na kazi iliyokamilika isitundikwe ukuta unaopigwa na jua la Dodoma. Zambarau ndiyo huanza kuaga.

Kama una fedha ya vitita saba

Kipande cha sare bluu, kisha 712 kwa mwezi na nyota, 745 na 783 kwa taa, 921 kwa upeo na ukingo wa ungo, 815 kwa gauni, 3371 kwa mbuyu, 931 kwa kila kitu kilicho mbali. Nyeusi omba nusu mita kwa jirani. Duka lisipokuwa na namba hizo, mpe muuzaji majina tunayoyajua: maziwa, siagi, asali, kutu, damu ya mzee, kahawa, na bluu ya moshi. Soko la Majengo nimezipata zote kwa siku mbili tofauti, na mara moja tu ilinibidi niagize Kariakoo.

Kazi ya tatu bado ina nafasi tupu chini ya mbuyu, kushoto. Pale atakaa fisi, ametazama juu. Jana nimempatia sufu yenye kijivu na ukahawia, nimeitoa kwenye sweta kuukuu la baba yake na huyu mwanangu, nayo imejikunja mawimbi kwa miaka ya kufumwa. Sitainyoosha. Macho yake yatakuwa vifundo viwili vya 783, maana ameiona taa.